Masale Kando ya Mto

Mnaosoma, mnivumilie. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na herufi nyingine huenda nimezikosea. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua siku nzima.

Shamba letu liko ukingoni mwa mji wa Korogwe, linafuata mto Pangani. Mama alilinunua alipohama Handeni. Alifariki kabla ya masika yaliyopita, nikabaki peke yangu. Zipo siku jua linazama sijatoa sauti, ila kumfukuza kuku.

Kisha mtendaji wa mtaa akatuita mkutanoni. Halmashauri ya mji inataka siku zijazo kuwe na njia ya watu kutembea kando ya mto. Mtendaji akaeleza kwamba shamba halichukuliwi, linabaki lako. Unatia sahihi tu kwamba watu wana haki ya kupita kwenye ukanda wa hatua nne, milele.

"Leo watu, kesho ng'ombe!" mama mmoja alisema. "Na mihogo yangu nayo itaanza kutembea?"

Watu wakacheka. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Nilikuwa naitaka hiyo njia, lakini niliona aibu kusema. Nilitaka mtu apite mlangoni aniulize habari za asubuhi.

Siku wapimaji walipokuja, niliwasikia nikajificha ndani. Nilichungulia dirishani nikawaona wamesimama mbele ya mimea yangu ya masale. Huku kwetu masale ni mpaka, hakuna anayeyang'oa wala kuyavuka bila ruhusa ya mwenyewe. Wakasema shamba langu linaishia pale, wakaandika, wakageuka, wakapiga vigingi kwenye shamba la mzee jirani, nyuma ya nyumba yangu, mbali na mlango.

Lakini yale masale niliyapanda mimi. Kaburi la mama liko pale. Wengine hupanda sale moja kichwani mwa kaburi, likatosha. Mimi sikuwa na saruji, na niliogopa mto ukijaa usije ukachukua udongo, basi nikapanda mstari mzima, umenyooka, mpaka majini. Nilizidisha.

Siku ya kutia sahihi jina langu halikuwemo. Mzee jirani, ambaye hakuitaka njia, alinikuta mlangoni pa ofisi ya mtaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umewatega kwa masale, mwanangu? Ujanja huo hata mimi sikuuwaza!"

Nilitaka kurudi nyumbani. Nikinyamaza, njia itapita nyuma yangu maisha yote. Nikisema ni kaburi, huenda wakaogopa kabisa kupita. Nikaingia.

"Yale masale si mpaka," nilisema. "Ni mama yangu amelala pale."

Mzee akavua kofia yake.

Mpimaji akauliza, "Kwa hiyo hutaki tupite?"

"Piteni. Msimkanyage tu."

"Tutazunguka kwa juu, karibu na nyumba. Vumbi na kelele utaziweza?"

"Nitaziweza."

Akanipa kalamu. Niliandika jina langu herufi moja moja, na watu nyuma yangu wakaanza kuguna.

"Mwacheni aandike," mzee akawaambia. "Kwani mnakimbilia wapi?"

Sasa vigingi vyekundu vimesimama hatua chache kutoka mlangoni. Njia yenyewe bado. Wanasubiri wenye mashamba wengine, mpaka kule kuelekea Hale. Kila asubuhi nafagia kati ya vigingi. Mpaka leo wamepita mbuzi tu, na mzee mara mbili, akisema anakagua.

Njia ikikamilika labda nanyi mtapita, na mimi nitatoka nje, sitajificha. Lakini sijui itachukua miaka mingapi. Kwa hiyo naomba mniandikie kabla ya hapo. Niambieni mlangoni kwenu hupita nani asubuhi, na huwa mnamwambia nini. Barua fupi inatosha. Nitajibu, ila nitachelewa.