Bafu la Baba

Wiki iliyopita mjini Masasi, kwa mchoraji wa ramani za nyumba, nilimkuta mama mmoja wa Chiwata akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Mafundi wangeanza kuchimba msingi kesho yake asubuhi, na kwenye kompyuta mlango mpana wa bafu ulikuwa umegoma kukaa ukutani.

“Baba yangu anatumia kiti cha magurudumu,” alisema. “Ataogaje?”

Mchoraji alisogeza sinki, mlango ukakaa. Mama akashusha pumzi.

“Sasa mwanangu, kiingize hicho kiti, nione.”

Akakichora, akakiingiza. Kiti kikaingia, lakini hakikuweza kugeuka.

Mama akapiga simu. “Fundi, kesho msichimbe. Ngojeni kwanza tulipanue bafu.”

Wengi wetu tukionyeshwa ramani, tunauliza bati litakuwa la rangi gani.