Mikono Iliyoosha Injini

Juzi pale sokoni Mwanjelwa nilimwona mtu akiuza dawa ya kusafishia injini kwenye chupa za maji ya kunywa. Harufu yake kali ilinirudisha uani kwetu Mlandege, siku baba alipotaka kuuza pikapu yake.

Mnunuzi alikuwa anakuja jioni, na injini ilikuwa imejaa grisi. Baba alimimina dawa kwenye beseni, akampa mama tambara.

"Sugua, mama Neema. Ni sabuni tu, ila ina nguvu."

Baba mwenyewe alivaa glovu, akashika mpira wa maji. Nilidhani glovu ni za wenye magari. Leo najua alikuwa amesoma onyo kwenye chupa, na glovu zilikuwa pea moja.

Povu lilichemka juu ya chuma, nami nikafurahi. Mama alipoanza kupuliza vidole nilidhani anacheza, nikamwiga. Kisha akapiga yowe, akakimbilia ndoo. Viganja vilikuwa vyeupe, ngozi inabanduka.

"Sasa injini nani anamalizia?" baba akauliza.

Jioni nilikuwa ndani namlisha mama ugali, mikono yake imefungwa khanga, tukamsikia mnunuzi akisifu.

"Injini inang'aa! Umempa nani akaiosha?"

"Mimi mwenyewe," baba akajibu.

Nilitoka mbio hadi uani. "Muongo! Mama ndiye kaiosha, na mikono imeungua!"

Baba alinizaba kibao mbele ya mgeni. Sijawahi kumwomba radhi kwa kumwita muongo, na sitamwomba.