Mkoromo wa Siwema

Msimu wa mavuno kule kijijini kwetu Mamba, nyumba yetu yote ilinuka mpunga mpya na magunia makavu. Panya nao hawakuhitaji kualikwa. Kwa hiyo paka wetu Siwema aliheshimiwa kuliko sisi watoto: majirani walikuja kumwazima akalinde maghala yao, hapa siku mbili, pale tatu, kisha anarudishwa kikapuni pamoja na kichwa cha samaki cha shukrani. Akirudi alilala mapajani pangu na kukoroma, tena si kukoroma kwa mchezo! Alinguruma kama mashine ya kukoboa inayosikika kwa mbali, mara akapiga kamluzi puani, mara akatafuna hewa. Nilikuwa darasa la pili, na mkoromo ule niliujua kuliko sala zangu za jioni. Nilimpenda paka yule, jamani, nisiseme uongo.

Siku moja jirani yetu Mama Rozi alimrudisha asubuhi, akanong'ona na mama mlangoni, akaondoka bila hata kukaa. Siwema akajilaza mkekani. Alikoroma, lakini mkoromo ulikuwa na maji ndani yake, unakatika, unaanza tena kwa shida. Nikampa maziwa, yakachuruzika pembeni mwa mdomo. "Mama, hakoromi hivi huyu!" Mama alikuwa anapeta mchele, hakuinua uso. "Ameshiba panya. Mwache mwenzio apumzike, nenda ukafukuze kuku kwenye mpunga." Mkubwa akishasema, mtoto ana neno gani? Nikaenda uani, nikafukuza kuku huku masikio yangu yako ndani. Niliporudi, chumba kilikuwa kimya.

Siku hizi naishi Mpanda mjini, na mtaalamu wa mifugo nampigia simu, anakuja na pikipiki. Enzi zile tulikuwa na maziwa na maombi tu. Mwaka jana nilimuuliza mama kwa nini alisema Siwema ameshiba. Akakiri kwamba mume wa Mama Rozi alitega sumu ghalani bila kumwambia mkewe, na paka akala panya aliyeila. Maji yalikwisha kumwagika. "Nilijua hatapona," akasema. "Ningekuambia, ungefanya nini, mwanangu?"



"Ningebaki naye, mama."