Lukumani, Mpiga Hema wa Lualaba

Hadi kufika mwaka 1957, Lukumani alikuwa amewapigia Wazungu mahema kwa miaka kumi na tisa. Watu wenye akili hujenga nyumba wakakaa ndani. Serikali ya Wabelgiji ilijenga nyumba za matofali pale Kasongo, zenye veranda na maua, kisha ikawaamuru maofisa wake waziache wakalale porini, ili wahesabu pamba za watu na kuwadai kodi. Kituko hicho ndicho kilichomlisha Lukumani bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na hakuwahi kukilalamikia.

Alikipenda, tena kupita kiasi. Asubuhi ya safari hakuweza kumaliza chai. Akifika mahali pa kambi, alivua viatu vyake, vyote vya mguu wa kushoto, akatembea peku polepole kama anayemtafuta nyoka amsalimu. Nyayo zake zilijua penye siafu na penye maji chini. Kisha akalala chali palepale ambapo mgongo wa Bwana ungelala, akafumba macho, akahesabu hadi mia. Akiridhika, ndipo aligonga kigingi cha kwanza. Hakuna Mzungu aliyewahi kuamka na jiwe mbavuni kwa kosa la Lukumani.

Basi, mwaka huo afisa wa kilimo, tuliyemwita Bwana Kipimo kwa kuwa alipima kila kitu hadi mikia ya mbuzi, alipata rulote. Ilikuwa nyumba ya bati juu ya magurudumu mawili, nyeupe pe, na mlango mwembamba na dirisha lenye pazia. Ilivutwa na kamyoneti, gari dogo la mizigo. Bwana Kipimo alimwita Lukumani akamwonyesha kitanda, meza ya kukunja na jiko dogo.

"Lukumani, hema imekwisha kufa," alisema. "Mimi na Madame tunaenda kupumzika mchangani kule Nyangwe, siku tatu. Kama rulote iko muzuri, hema inaingia depo, na wewe unaenda kukata majani ya posta."

Majani ya posta, yaani ya kituo cha serikali, yalikatwa na wafungwa. Lukumani alipeleka habari nyumbani kwa Nuru mkewe, aliyekuwa akitwanga sombe.

"Baba Amisi, na mimi nitaitwa muke ya nani?" Nuru aliuliza.

"Muke ya Lukumani."

"Mimi niliolewa na Lukumani ya hema. Ile ya majani simujui. Kama anapita hapa, nitamupa maji tu, aende."

Siku ya kuondoka, Lukumani alipakia kifurushi kirefu chini ya magodoro. Octave, dereva, alikibonyeza kwa kidole.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Nguo za muke yangu."

"Muke yako anavaa nguzo na kamba?"

"Endesha gari, Octave."

Walifika mchana. Ilikuwa kiangazi, mto Lualaba umepungua na kuacha ufuko mweupe mpana kuliko uwanja wa misheni. Madame aliruka garini, akavua viatu, akakimbia hadi majini akicheka kama mtoto aliyetoroka katekisimu. Hata Lukumani, aliyekuja kuzika kazi yake, alijikuta anatabasamu. Mahali pazuri pa kambi ni mahali pazuri, hata kama hukuitwa kupachagua.

Waliopatazama kwa makini zaidi walikuwa watu wa kijiji cha juu. Kapita wao, mkuu wa kijiji, Hemedi, aliona sanduku jeupe lenye pazia kando ya mto. Katika maisha yake vitu vyeupe vyenye pazia vilikuja kwa jambo moja tu: ugonjwa wa malale. Waganga wa serikali walipita kila mwaka wakipapasa shingo za watu, wakidunga sindano, wakigonga muhuri kwenye karatasi. Aliyekosa muhuri alilala gerezani siku saba. Mwaka uliopita Hemedi alikuwa ameyakosa mawili, muhuri na bahati.

Asubuhi Madame alifungua mlango akiwa na nguo ya kulalia na kikombe cha kahawa. Mbele yake ulikuwa mulongo, foleni ya watu mia mbili, wamenyoosha karatasi. Wa kwanza, bibi mmoja mwembamba, aliinua kidevu na kumpa shingo. Madame, kwa adabu tu, aliigusa.

Hapo ndipo alipoharibu. Ukigusa shingo moja, nyingine mia moja tisini na tisa zinakudai.

"Sasa ni yangu, Madame," alisema Hemedi, na kidevu kikiwa angani.

Bwana Kipimo alitoka na povu la sabuni shavuni akafoka. Hakuna aliyetikisika. Waganga wa malale hufoka siku zote. Asingefoka, watu wangemtilia shaka.

"Waambie hii ni nyumba ya kupumzika," alimwamuru Lukumani.

Lukumani akawaambia ukweli, neno kwa neno. Bwana amekuja kulala mchangani. Hahesabu pamba. Hataki kodi. Hadungi mtu. Anapenda tu.

Mulongo mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Mutu iko na nyumba ya matofali Kasongo, anakuja kulala kwa mchanga bure?" Hemedi alifuta machozi. "Lukumani, wewe mutu mukubwa, unatafuta uongo muzuri unakosa?"

Bwana Kipimo akaamuru kuondoka. Magurudumu yalikuwa yamezama mchangani. Watu kwa moyo safi waliisukuma rulote, na ilipoanza kujongea wakajongea nayo, kila mtu akishika nafasi yake mulongoni. Ilisogea mita hamsini, ikazama tena. Mulongo ukasogea mita hamsini. Madame alikuwa amekwisha kugusa shingo thelathini na kuanza kuzizoea.

"Ningekuwa na hema," Bwana Kipimo alinong'ona, "ningekimbilia ng'ambo ya pili."

"Iko, Bwana," alisema Lukumani. "Na hakuna haja ya kwenda mbali."

Octave alitazama pembeni. Lukumani akavua viatu. Akatembea peku, akalala chali, akahesabu hadi mia huku Bwana Kipimo akitafuna sharubu. Kisha akatandaza turubai ya kijani palepale, hatua kumi kutoka rulote, na kuinua nguzo ya kwanza.

Kichwa kimoja kiligeuka. Hema la kijani lilijulikana kutoka Nyangwe hadi Kabambare. Hema lilikuwa kodi. Lilikuwa pamba isiyopaliliwa, na kazi ya barabara, na jina lako likiitwa mara mbili. Nguzo ya pili ilipoinuka, mulongo ulikuwa nusu. Kigingi cha nne kilipogongwa, ufukoni ilibaki kandambili moja, na sauti ya Hemedi ikitoka kwenye matete.

"Lukumani, ungesema mapema kama iko hema."

Bwana Kipimo alitazama ufuko mtupu, halafu turubai, kwa heshima mpya.

"Hawa watu wanaheshimu hema," alisema.

"Sana, Bwana."

Rulote ilirudishwa Kasongo ikafugiwa kuku. Kuhusu majani ya posta, hayakutajwa tena. Lakini mchana ule, Bwana na Madame walipokwenda kuoga, Lukumani aliingia hemani kujaribu kitanda, kama kazi ilivyomtaka. Akalala chali, akafumba macho, akahesabu hadi mia.

Kisha akaanza upya kutoka moja.