Kidole cha Kupimia Nta

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa filimbi. Zile za matete saba yaliyofungwa pamoja, refu hadi fupi, kama watoto wa nyumba moja waliopangwa kupigwa picha. Kila tete huzibwa chini kwa nta ya moto. Nta ikizidi tone, sauti inapanda, ikipungua, inashuka. Kipimajoto hana. Huchovya kidole, anasema "tayari", na mimi, mwenye masikio yanayosifiwa mtaa mzima, sijawahi kuisikia filimbi yake ikikosea.

Siku moja dada aliingia karakana akiuliza kinachoungua ni nini. Kilikuwa kidole. Mwenye kidole katulia kama maji ya mtungini, anangoja nta ipate moto.

Hospitali, waliposikia kidole hakikuhisi moto, wakampiga picha ya mgongo. Nilimsindikiza mimi, msomi wa ukoo. Shule niliiacha darasa la sita, walimu walipoishiwa la kunifundisha. Daktari akasema ndani ya uti wa mgongo kuna tundu lenye maji, refu, jembamba, linaitwa sirinksi. Alipojua kazi ya mgonjwa akatabasamu. Wayunani wa kale, alisema, waliita hivyo filimbi ya matete. Na ndege wana sirinksi yao: kiungo cha sauti, chini kifuani, pale njia ya pumzi inapogawanyika.

"Wengine huimba sauti mbili kwa pamoja," akasema.

"Na yangu inaimba nini?"

"Yako inaleta ganzi. Tukiyatoa maji, huenda isisambae. Vidole vilivyokwisha kufa ganzi siwezi kukuahidi."

Shemeji akakataa kisu. Wiki nzima alikaa dirishani, macho kayafumba nusu, akisikiliza ndege. Aliniambia anayasikia maji yakipanda mgongoni polepole, na juu yake mtu asiyeonekana akipuliza sauti moja ndefu. Maji yakitolewa, ile sauti itakwenda wapi?

"Itahamia kwa jirani," nikamwambia. "Shemeji, mikono yote ikifa, filimbi utazifunga kwa meno?"

Nasema nilimshawishi mimi. Dada anadai ni yeye, kwa maneno machache aliyoyasema akimfunga bandeji: "Baba watoto, kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi ninavyo kumi, chagua."

Akapasuliwa. Ganzi ikasimama pale pale ilipofika. Haikusonga mbele, haikurudi nyuma.

Sasa anayechovya ni dada. Lakini kidole cha mtu aliyezoea kugeuza sufuria jikoni hakishtuki upesi. Nta humwagwa ikiwa moto kupita zamani, hunyonywa na tete, na sauti hushuka kidogo, unywele tu. Filimbi ya kwanza ilipotoka hivyo, niliisikia kabla ya mtu yeyote.

"Imekosea," nikasema.

"Tuongeze tone?" dada akauliza.

Shemeji akafumba macho, akapuliza tena, taratibu, mpaka pumzi ikamwishia.

"Iacheni hivyo hivyo," akasema. "Washa moto, tufanye nyingine."