Siku Hayes Walipotuachia Pilau

Juzi nilikuwa harusini Harrow, nimekaa zangu na sahani ya biriani, akanijia mzee mmoja anayetembelea bakora. Nilimjua kwa sauti kabla ya sura: aliyekuwa kocha wa Hayes. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akacheka. "Mwanangu, enzi zile tukikufungeni! Haya, mpira wetu nao ukafa wenyewe." Ukafa wenyewe! Nilitabasamu kwa adabu, maana mtu mzima hajibizwi mbele za watu, lakini biriani niliisogeza pembeni. Mpira haufi wenyewe, ndugu yangu. Hebu nikwambie nani aliuua.

Sisi tulikuwa watu wa Thamesmead, mashariki ya London. Bibi, mama yake baba, alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, akatangatanga nchi za watu mpaka akatua kwenye fleti yetu ya ghorofa ya tatu, lifti mbovu mwaka mzima. Wenzetu wa Pemba walikuwa Hayes, mwisho kabisa wa London upande wa pili, wengi wao wakifanya kazi uwanja wa ndege. Kila Jumapili inayofuata Idi tulicheza nao mpira, Idi hii kwetu, Idi ile kwao. Baba ndiye aliyekuwa kocha wetu. Utani wa siku hizo, we! Sisi tukiwaambia wabahili, wao wakituambia tuna midomo mirefu na miguu mifupi. Ukiwasikia ungedhani watapigana, kumbe wanatafutana kukumbatiana.

Na palikuwa na desturi. Aliyefungwa humnawisha mshindi mikono kabla ya kula, na mechi inayofuata chakula ni juu yake. Idi tatu mfululizo tulifungwa, na Idi tatu mimi nilipita mikekani na birika na beseni, maji ya moto nimeyatia kwenye chupa ya chai yasipoe na upepo wa mtoni. Palikuwa na msichana mmoja wa Hayes, rika langu, akinyoosha vidole kimoja kimoja kama bibi harusi, eti nimnawishe vizuri. Nilimchukia, wallahi. Na siku zote nilikwenda kukaa naye.

Bibi naye alikuwa na mtu wake: mama yake kocha wa Hayes. Wakiitana somo. Walikuwa marafiki tangu visiwani, na London yote hii hawakuwa na njia nyingine ya kuonana. Bibi hakujua Kiingereza, hawezi kupanda treni peke yake, na somo yake masikio yalikuwa yamekwisha, simu haimfai. Basi walikaa pembeni ya uwanja, blanketi moja, Bibi akimsemea sikioni, tambuu ikipita mkono kwa mkono. Wala mpira hawautazami. Tukipiga kelele za goli, huuliza, "Nani kafunga?" kisha huendelea na yao.

Idi iliyofuata zamu ya kupika ilikuwa yetu tena. Bibi alianza kukaanga vitunguu alfajiri, mpaka jirani wa Kiingereza akaja kugonga kuuliza kama kuna moto. Sufuria la pilau tulilishusha ngazi kwa ngazi, tukalitia kwenye gari la mdogo wangu wa kunyonya, yeye akabebwa mgongoni, pilau likasukumwa mpaka uwanjani. Tukatandika mikeka juu ya majani mabichi. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii tunashinda, na yule msichana ataninawisha mimi, kidole kimoja kimoja.

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Saa sita baba akaenda kwenye kibanda cha simu. Aliporudi uso si wake.

"Wamejiunga na ligi. Leo wana mechi."

Ligi ya kweli, yenye marefa na msimamo wa timu, kila Jumapili. Walikuwa wameandikishwa tangu miezi nyuma, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu kutwambia msipike. Baba aliupiga mpira teke ukaingia mferejini. Mimi nililia kwa hasira. Miaka yote ile nilidhani sisi na wao ni watu wamoja, kumbe walikuwa wakingoja wapate wa maana zaidi. Bibi aliuliza neno moja tu: "Na somo yangu?" Pilau tuliligawa ghorofa kwa ghorofa, likaisha bila ya mtu kulisifu.

Baba aliapa. "Hatwendi Hayes mpaka waje watuombe radhi. Mwenye kosa ndiye anayepiga hodi." Ligi yenyewe walidumu misimu miwili, wakipigwa na kila timu, lakini aibu ikawafungia mlango na hodi haikupigwa. Kila Idi Bibi akiuliza, "Tunakwenda?" na kila Idi baba akimwambia, "Subiri, mama." Akasubiri Idi nane.

Kisha ikaja habari kwamba somo yake amefariki. Siku hiyo baba alipata gari, tukafika Hayes kwa muda wa saa moja na nusu tu. Saa moja na nusu! Ndani tulimkuta binti wa marehemu, akamshika Bibi mikono akilia. "Mama kila Jumapili ya Idi akioga, akivaa, akikaa na mkoba wake wa tambuu mapajani, anangoja kupelekwa mpirani. Tukimwambia hakuna mpira, anasema, Somo yangu ataniletea habari."

Bibi hakulia. Alitoka barazani walipokaa wanaume, akasimama mbele ya yule kocha.

"Ligi ulikuwa nayo. Mama yako ulishindwa kumtia garini?"

Kocha aliinamisha kichwa. Watu walidhani Bibi amemaliza, wakaanza kumpa pole. Akamgeukia baba, mwanawe wa kumzaa.

"Na wewe?"

Baba hakujibu siku ile, wala hakupata kujibu mpaka tulipomzika. Leo wanangu hawajui hata kama Hayes kuna watu wa kuwatania. Wakiniuliza tulipoteana vipi, natamani niwatupie lawama watu wa Hayes peke yao, na siwezi.