Gauni la Kijani la Jang'ombe

Juzi, kwenye duka moja la Darajani, niliona gauni nikaziba pua hata kabla sijalinusa. Kitambaa chake kinang'aa kama samaki aliyelala siku mbili, mabega yamefura kama maandazi, na rangi yake ni kijani cha kidimbwi. Binti yangu alikuwa ameshalikumbatia.

"Mama, nnalitaka hili kwa Sikukuu. Pesa nnazo, zangu mwenyewe."

Kweli anazo. Amejinyima chipsi za shuleni akiweka pesa kwenye simu kidogo kidogo, na mimi ndiye niliyemhubiria habari za akiba. Sikujua kama nnahubiri akiba ya gauni hili.

"Kefule!" nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi.

Nawe bila shaka ulikuwa na bibi wa namna hiyo. Wangu hakuwa na matusi, alikuwa na neno hilo moja tu. Nzi ameingia kwenye shira: kefule. Mtu ametema mate njiani: kefule. Televisheni nayo ilikuwa kefule, ingawa hakuwahi kukosa kipindi hata kimoja.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya jirani, ndiyo pekee mtaani kwetu Jang'ombe, na kiingilio chake kilikuwa ndoo ya maji. Unateka bombani, unamimina kwenye pipa la jirani, naye anakukagua kuanzia chini. "Miguu gani hiyo? Umetoka kulima?" Ukishanawa unabanana na wenzio mkekani, kwenye joto la jasho na mafuta ya nazi na harufu ya dagaa wa mchana. Nikikumbuka vizuri, chumba kile kilitia kinyaa. Nisingekibadilisha kwa kingine.

Ilikuwa televisheni ya rangi, jambo ambalo jirani hakuchoka kutukumbusha. Tatizo ni kwamba rangi iliyobaki ilikuwa moja. Kila kitu kijani: wali, meno, mbuzi, msoma habari, ambaye bibi alikuwa akimwonea huruma akidhani anaumwa na tumbo.

Kila wiki palikuwa na kichekesho cha mke mmoja mwenye maringo, aliyehamia shamba kwa wakwe zake na gauni la mabega makubwa. Gauni lilikuwa likimponza: mara linanasa mlangoni, mara kuku anatagia ndani yake. Watu wazima walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za kanga. Mimi sikucheka, nilikuwa nnatazama mabega. Nadhani usomi wangu wote umeanzia hapo, katika kukitazama kichekesho kwa makini hadi nikakosa kukifahamu.

Nikataka gauni lile. Nikatafuta kibubu, nikawa nnatia humo kila nilichopewa kwa kuuza kashata za bibi, nikikitikisa asubuhi na jioni. "Kitikise tu," bibi akinambia. "Labda kitazaa." Kilipovunjwa, tukanunua nailoni, tukaenda kwa fundi cherehani wa mtaani. Akauliza gauni la namna gani, nikamwambia la yule mke wa kwenye kichekesho. Hakuuliza zaidi. Naye alikuwa akibeba ndoo yake kila wiki.

Siku ya Sikukuu nikaingia uwanjani, wanakokusanyika watoto wa mji mzima, nimevimba mabega. Watoto wa mtaani kwetu walinijua papo hapo, wakanizunguka wakiimba jina la yule mke. Sikupata tena fahari kama ile, hata siku niliyovaa joho la chuo kikuu. Kisha akaja msichana mmoja wa mtaa wa Malindi na wenzake, wakanitazama juu mpaka chini.

"Shoga, umevaa mchicha?"

"Hili ni la yule mke wa kwenye kichekesho," nikasema.

"Lile? Lile jekundu! Kwenu mnatazama televisheni ya chura?"

Walicheka, na safari hii kichekesho nilikifahamu. Jua nalo likaamua kuwasaidia: nailoni ikaanza kutoa rangi, kijani kikanichuruzika kwapani, shingoni, mpaka kwenye koni ya aiskrimu niliyoishika. Nikarudi nyumbani nnalia. Bibi akanisugua kwa dodoki na sabuni ya mche. "Kefule! Mtoto kaota ukungu." Aliposikia habari ya Malindi akaliweka dodoki chini, akajifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa jirani.

Jirani alikasirika. Televisheni yake, alisema, haijapata kusema uongo. Fundi cherehani akaitwa, akashuhudia kijani. Muuza mkaa akashuhudia kijani. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulishakubaliana kwamba Malindi, masikini, televisheni zao mbovu. Kesho yake nilivaa gauni lile tena, na hakuna aliyecheka.

"Mama?" binti yangu akaniita. Bado ameshika gauni, kisikio kimoja cha simu sikioni. Alikuwa anacheka kitu anachokiona peke yake, na nikimuuliza huniambia sitafahamu. Pengine kweli.

Nikamgeukia muuzaji. "Jekundu lipo?"

Akalitoa. Nilikuwa nimelisubiri karibu maisha mazima gauni hilo, lenye rangi yake ya haki, kama walivyoliona watu wa Malindi. Nikalitazama. Lilikuwa gauni la mtu nisiyemjua.

"Kefule," nikasema. "Chukua la kijani."

Akalipa kwa simu yake, akakirudisha kisikio cha pili, akatangulia. Nilitaka kumwambia mtu kwamba ndilo lenyewe, mabega yale yale, rangi ile ile. Bibi hayupo. Jirani hayupo, na fundi cherehani pia. Waliobaki mjini wote wangeniapia kwamba lilikuwa jekundu.